Kutabiri kunusurika kwa majeruhi kwa viashiria vya uhai: kwa nini mapigo ya moyo hayamo katika alama tunazotumia?

Tabibu wa Wilayani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninafanya kazi katika kitengo cha dharura cha hospitali moja ya wilaya nchini Tanzania, iliyo kando ya barabara kuu, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya majeruhi tunaowapokea ni waendesha bodaboda, abiria wao na watembea kwa miguu waliogongwa. Kwa sasa ninaandaa andiko la utafiti wa shahada ya uzamili. Lengo langu ni kuchunguza kama vipimo vinavyochukuliwa mgonjwa anapofika, yaani shinikizo la damu, mapigo ya moyo, kasi ya kupumua, joto la mwili, kiwango cha oksijeni na hali ya fahamu, vinaweza kutuonyesha mapema nani yuko katika hatari ya kufariki, ili tuamue bila kuchelewa nani aingizwe chumba cha upasuaji, nani apewe rufaa usiku huohuo na nani anaweza kusubiri hadi asubuhi.

Nimesoma kuhusu mifumo ya alama inayotumika sana kukadiria uwezekano wa majeruhi kunusurika: RTS (alama za majeruhi zilizorekebishwa), alama za Kampala (KTS), pamoja na MGAP ya Ufaransa na GAP ya Japani. Kuna jambo linalonitatiza, na nitalieleza kwa mfano niliouunda mwenyewe ili nisitoe siri za mgonjwa yeyote. Chukulieni kijana wa miaka 24 aliyeanguka na bodaboda, usukani ukampiga tumboni upande wa kushoto. Analetwa kwa bajaji akiwa anaongea vizuri, alama zake za Glasgow, za kupima fahamu kuanzia 3 hadi 15, ni 15, shinikizo la sistoli (namba ya juu ya shinikizo la damu) ni 98, mapigo ya moyo ni 128 kwa dakika na anapumua mara 26 kwa dakika. Nikimpigia hesabu ya RTS anapata alama zote, 7.8408. Katika toleo la pili la KTS anapata 9 kati ya 10, kwa sababu tu ana jeraha moja kubwa, na 9 ni kundi la majeraha mepesi. GAP inampa 22 kati ya 24, MGAP inampa 27 kati ya 29, na zote mbili zinamweka katika kundi la hatari ndogo. Kila mmoja wetu aliyewahi kumwona kijana wa namna hii anajua kwamba huenda wengu limepasuka na kwamba baada ya saa mbili anaweza kuwa hayupo.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, kwa nini mifumo yote hiyo minne imeyaacha mapigo ya moyo, ilhali ndicho kipimo tunachokipata kwa urahisi kuliko vyote? Pili, kwa hospitali isiyo na mashine ya CT ya kupiga picha za ndani ya mwili, ninyi mngechagua mfumo upi? Tatu, mafaili mengi ninayotarajia kuyatumia hayana kasi ya kupumua. Je, niyaondoe? Natanguliza shukrani.

Mpasuaji wa Kanda ya Ziwa alijibu:

Ndugu Tabibu, pole na kazi. Swali lako la kwanza ndilo lenye uzito, nami nitakaa nalo zaidi kuliko mengine.

RTS ilitangazwa mwaka 1989 na Champion na wenzake, ikiwa ni marekebisho ya alama za mwaka 1981 ambazo zilijumuisha pia namna kifua kinavyopanuka na muda ambao damu huchukua kurudi kwenye ukucha uliobonyezwa. Vipimo hivyo viwili viliondolewa kwa sababu vilikuwa vigumu kupimwa kandokando ya barabara, hasa usiku. Vikabaki vitatu: fahamu, sistoli na kupumua. Kila kimoja hupewa namba kuanzia 0 hadi 4, kisha huzidishwa kwa uzito wake: 0.9368 kwa fahamu, 0.7326 kwa sistoli na 0.2908 kwa kupumua. Uzito huo ulipatikana kutokana na data za hospitali za Amerika Kaskazini. Ukiutazama vizuri utaona kwamba fahamu imepewa zaidi ya mara tatu ya uzito wa kupumua, na sababu yake ni kwamba majeraha ya kichwa ndiyo yaliyochangia sana vifo katika data hizo.

Majeruhi wanaotufia mikononi hufa kwa njia mbili kubwa ambazo hazifanani. Wapo wanaokufa kwa ubongo, na wapo wanaokufa kwa damu. Yule wa ubongo hujitangaza mapema: anafika akiwa hajitambui, na mfumo wowote unaopima fahamu utamnasa. Yule wa damu, hasa akiwa kijana, hufika akiwa anazungumza na kuomba maji. RTS na ndugu zake wamejengwa kwa namna ambayo inawanasa wa kwanza vizuri sana, na kwa kuwa hao ni wengi, mfumo unaonekana kufaulu hata pale unapowapoteza wa pili.

Sasa tuangalie mwili wa huyo kijana wako. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban lita 5 za damu. Jedwali maarufu la ATLS, kozi ya kuwafundisha madaktari kuhudumia majeruhi, linasema kwamba akipoteza hadi asilimia 15 huenda usione badiliko lolote la maana. Kati ya asilimia 15 na 30 mapigo hupanda juu ya 100, lakini sistoli kwa kawaida husimama palepale, kwa sababu mishipa ya pembeni imejikaza na moyo umeongeza kasi. Sistoli huanza kushuka waziwazi baada ya kupoteza asilimia 30, yaani lita moja na nusu hivi. Kwa hiyo mfumo unaosubiri sistoli ishuke chini ya 90 ndipo upunguze alama unakuja kwenye msiba wakati matanga yameshaanza. Ziko data kubwa za Marekani, zilizotangazwa mwaka 2007, zilizoonyesha kwamba hatari ya kifo huanza kupanda sistoli inapokuwa chini ya 110, na miongozo ya huko sasa inaitazama namba hiyo kwa makini kwa wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi.

Kwa nini basi mapigo yaliachwa? Kwa sababu ukiyatazama peke yake yanadanganya pande zote mbili. Hupanda kwa maumivu, kwa hofu, kwa homa na kwa pombe. Hushindwa kupanda kwa mzee anayetumia dawa za kupunguza mapigo kama atenololi au propranololi, na wapo wagonjwa wanaovuja damu hadi shinikizo likashuka huku mapigo yao yakiwa ya kawaida. Halafu jeraha la kichwa lenye mgandamizo mkubwa hushusha mapigo na kupandisha shinikizo, kwa hiyo mtu mwenye mapigo 52 na sistoli 190 anaweza kuwa karibu zaidi na kifo kuliko mwenye mapigo 120. Hata lile jedwali la ATLS, data za madaftari makubwa ya majeruhi ya Uingereza na Ujerumani zilionyesha kwamba wagonjwa halisi hawalifuati kama lilivyoandikwa.

Dawa ya udhaifu huo ni kuyasoma mapigo pamoja na sistoli. Allgöwer na Burri walipendekeza hilo tangu mwaka 1967: gawanya mapigo kwa sistoli. Kwa mtu mzima mwenye afya jibu huwa kati ya 0.5 na 0.7. Likivuka 0.9 tunaanza kuwa na wasiwasi, na likifika 1 au zaidi mimi binafsi huanza kuulizia damu kabla sijauliza kitu kingine. Kijana wako ana 128 kugawanya kwa 98, yaani 1.3. Hesabu hiyo inafanyika kwa kichwa, pale kitandani, bila karatasi.

Jambo jingine ni kwamba ukimpima kijana huyohuyo kwa TEWS, alama zinazotumika katika mfumo wa Afrika Kusini wa kupanga foleni ya dharura, unapata picha tofauti kabisa. Mapigo 128 yanampa 2, kupumua 26 kunampa 2, sistoli 98 inampa 1, kuwa majeruhi kunampa 1, na kubebwa kwa machela kunampa 2. Jumla ni 8 hata kama joto lake ni la kawaida, na kuanzia 7 mgonjwa ni mwekundu, wa kuonwa papo hapo. TEWS haikutengenezwa kutabiri kifo cha majeruhi. Ilitengenezwa kuamua nani aonwe kwanza, na ndiyo maana inajali dalili ndogondogo za mapema. Kwa hiyo amua unachotaka kufanya: kama ni kulinganisha vifo vya hospitali moja na nyingine, chagua mfumo wa aina ya RTS au KTS, na kama ni kumwokoa mtu usiku wa leo, chagua unaoona mapigo.

Kwa utafiti wako ningekwenda na KTS. Iliundwa Kampala na Kobusingye na Lett, ikatangazwa mwaka 2000, kwa kuzingatia hospitali zenye hali kama zetu: umri, sistoli, kupumua, fahamu kwa herufi nne za AVPU (yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu tu, au haitikii) na idadi ya majeraha makubwa. Haihitaji CT wala kuorodhesha kila jeraha kwa kitabu cha kanuni kama ISS na TRISS, mifumo ya kupima ukali wa majeraha, inavyodai. Imetumika sana katika tafiti za Uganda na hata za hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa hiyo utapata wa kujilinganisha nao. Halafu ongeza uwiano wa mapigo na sistoli kama kipimo chako cha ziada, uone kama unaongeza chochote juu ya KTS. Hilo peke yake ni swali zuri la utafiti.

Sista wa Zamu alijibu:

Shikamoo Daktari Mpasuaji, na wengine wote habari zenu.

Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, na ningependa tuanzie mahali namba hizo zinapozaliwa, kwa sababu modeli yoyote mtakayoijenga itasimama juu ya kile sisi tulichoandika kwenye chati. Fungua daftari la wodi yoyote yenye wagonjwa wengi utazame safu ya kupumua: utakuta 20, 18, 20, 20, 18, ukurasa hadi ukurasa. Ni vigumu kuamini kwamba watu wote hao walikuwa wanapumua kwa mwendo mmoja kama askari wa gwaride. Kupumua hakuna mashine kwenye vituo vingi, kunahitaji mtu asimame dakika nzima akitazama kifua, na kwenye zamu yenye muuguzi mmoja na majeruhi watano waliotoka kwenye daladala moja, dakika hiyo ndiyo ya kwanza kuibwa. Anayetaka data ya kweli aweke saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde juu ya kila kitanda cha dharura, na awaeleze wauguzi kwamba namba hiyo itatumika kuamua jambo. Namba isiyotumiwa na mtu yeyote haihesabiwi na mtu yeyote.

Mashine ya shinikizo nayo ina mambo yake. Mgonjwa akiwa baridi, anatetemeka, shinikizo likiwa chini sana, mashine hujaza na kutoa upepo mara tatu kisha ikatoa namba isiyoeleweka, au isitoe kabisa. Hapo ndipo inabidi kurudi kwenye mashine ya mkono na kuugusa mshipa. Tena kitambaa cha mtu mzima kwenye mkono wa mtoto hutoa namba ya chini kuliko ilivyo, na kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu.

Kuhusu fahamu, kijana wa bodaboda aliyekunywa pombe atakupa alama za Glasgow ambazo huwezi kujua ni za gongo au ni za damu kichwani. Mwandike alivyo, kisha umpime tena. Na mgonjwa aliyefika na mpira kwenye koo hawezi kuzungumza, na kupumua kwake ni kwa mashine au kwa mkono wa anayembonyezea mfuko wa hewa. Andika wazi kwamba alikuwa na mpira, msimpe 1 ya usemi kama vile ameshindwa mwenyewe.

Muda ni tatizo jingine, na hili watafiti wengi hawalioni hadi wanapoanza kuingiza data. Kwenye mafaili yetu mmoja anaandika saa 2 akimaanisha saa mbili usiku, mwingine anaandika 20:00, na wa tatu anaandika 8 bila kusema asubuhi wala usiku. Ukichanganya hayo utapata mgonjwa aliyefariki saa sita kabla ya kufika. Aidha, muda wa kufika mara nyingi huandikwa baada ya ndugu kwenda kufuatilia PF3 kituo cha polisi na kurudi, ingawa utaratibu sahihi ni mgonjwa kutibiwa kwanza na fomu kufuata. Muda wa vipimo vya kwanza ndio ninaouamini zaidi, mradi uwe umeandikwa palepale kando ya kitanda.

Mwisho, kama inawezekana msichukue kipimo kimoja tu. Kijana wa mfano akiwa na mapigo 128 alipofika, akapewa dripu na dawa ya maumivu, baada ya dakika 15 akawa na 104, huyo ana habari tofauti na yule aliyebaki 128 au aliyepanda hadi 140. Sisi tulio karibu na kitanda huogopa mwelekeo kuliko namba.

Mtakwimu wa Afya alijibu:

Ndugu Tabibu, nitajibu swali lako la tatu kwanza: usiyaondoe mafaili yasiyo na kasi ya kupumua kabla hujachunguza ni ya nani.

Vipimo havikosekani kwa bahati nasibu. Hukosekana kwa makundi mawili yanayopingana. Kundi la kwanza ni wenye majeraha madogo, ambao muuguzi alimwangalia mtu aliyekatika kidole akaona hakuna haja. Kundi la pili ni wale waliofika wakiwa wanakata roho, ambao mikono yote ilikuwa kifuani na kwenye mishipa, hakuna aliyepata nafasi ya kuhesabu pumzi. Ukiwaondoa wote utabaki na watu wa katikati, na sehemu kubwa ya vifo unavyotaka kuvitabiri itakuwa imeondoka pamoja na mafaili hayo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutengeneza jedwali rahisi: kati ya wasio na kipimo ni wangapi walifariki, na kati ya wenye kipimo ni wangapi walifariki. Tofauti ikiwa kubwa, iandike kama tokeo la utafiti. Baada ya hapo unaweza kujazia namba zilizokosekana kwa njia ya kitakwimu inayotengeneza nakala kadhaa za data na kuunganisha majibu yake, huku matokeo ya mgonjwa, yaani kupona au kufariki, yakiwa ndani ya hesabu hiyo ya kujazia. Kujaza wastani kwenye nafasi zote tupu ni kosa. Kumpa kila asiyepimwa alama kamili kwa kudhani alikuwa mzima ni kosa kubwa zaidi. Na zile 20 na 18 alizozitaja Sista hazihesabiki kama data kamili kwa sababu tu zimeandikwa. Chora grafu ya safu hiyo, na ukiona minara miwili na jangwa katikati, mweleze msomaji wako.

Kuhusu mapigo ya moyo, daktari ameeleza upande wa mwili, nami naongeza upande wa hesabu. Regresheni ya lojistiki, njia ya kitakwimu ya kukadiria uwezekano wa tukio kama kifo, ukiiachia yenyewe, huchora uhusiano ulionyooka: kila pigo moja likiongezeka, hatari iongezeke kwa kiasi kilekile. Lakini hatari ya kifo kwa mapigo ina umbo la bakuli. Iko juu kwa wenye mapigo machache sana, inashuka katikati, kisha inapanda tena kwa wenye mapigo mengi. Mstari ulionyooka ukilazimishwa kupita kwenye bakuli hulala karibu bapa, na mtafiti anahitimisha kwamba mapigo hayana maana. Mapigo yana maana, ila umbo ndilo lililokosewa. Sistoli nayo ina bakuli lake, kwa sababu ya wale wa kichwa wenye 190. Tumia mkunjo unaoruhusu umbo hilo, na kama unataka kitu cha kutumika kitandani, gawa vipimo katika makundi yenye sababu za kitabibu, si katika nusu mbili zinazotokana na data yako mwenyewe.

Usihesabu ukubwa wa utafiti kwa idadi ya wagonjwa. Hesabu vifo. Kanuni ya zamani ilidai angalau vifo 10 kwa kila kigezo unachokiingiza, na siku hizi wengi wetu tunaona hata hiyo ni ndogo. Ukiwa na wagonjwa elfu moja na vifo 40, una nafasi ya vigezo vinne hivi, basi. Ndiyo maana ushauri wa kuchukua KTS kama kigezo kimoja kisha kuongeza uwiano wa mapigo na sistoli ni mzuri kuliko kujenga modeli mpya yenye vigezo kumi ambayo itaikariri data yako na kushindwa kwenye hospitali ya jirani.

Usiwaambie wasimamizi wako kwamba modeli ina usahihi wa asilimia 95. Kama watu 5 kati ya 100 ndio wanaofariki, mtu asiyejua lolote akisema wote watapona atapata usahihi huohuo. Toa mambo mawili. La kwanza ni uwezo wa kutofautisha: ukichukua kwa bahati nasibu mmoja aliyefariki na mmoja aliyepona, ni mara ngapi kati ya 100 modeli inampa aliyefariki hatari kubwa zaidi. Hilo ndilo eneo chini ya mchirizo wa ROC. La pili, ambalo huachwa, ni kama makadirio yanalingana na hali halisi: katika kundi lililoambiwa lina hatari ya asilimia 20, je, ni kweli wamefariki watu 20 kati ya 100? Mfumo wenye uzito uliotokana na hospitali zenye magari ya wagonjwa, benki ya damu na chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) unaweza kuwapanga wagonjwa wetu kwa mfuatano sahihi kabisa, lakini ukakadiria vifo vichache mno. Hapo si lazima uutupe. Unaweza kuuacha mpangilio wake na kurekebisha kiwango kwa data ya hapa.

Na amua mapema kifo kipi unakihesabu. Ndugu wakimchukua mgonjwa nyumbani akiwa taabani, kwenye faili ataandikwa ameruhusiwa. Waliopewa rufaa nao wanatoka kwenye daftari lako wakiwa hai. Ukiwahesabu hao wote kama waliopona, umejiongezea wanusurika ambao hukuwaona.

Daktari wa Pwani alijibu:

Ninawashukuru waliotangulia kwa maelezo yenye kina, ila nina shaka moja ambayo naona imepitwa. Katika hospitali yenye chupa moja ya damu usiku mzima, namba ya kutabiri kifo haibaki kuwa utafiti. Itafika siku mtu ataitazama alama ya 5 ya Kampala na kusema huyu hana matumaini, damu apewe mwingine. Mimi nimeona watu wenye namba mbaya sana wakitoka hospitalini kwa miguu yao, na wengine wenye namba nzuri wakibebwa. Ningependa andiko liseme wazi ni nini namba hizo haziruhusiwi kufanya.

Tabibu wa Wilayani alijibu:

Nawashukuru sana. Nimeamua kuitumia KTS na kuongeza uwiano wa mapigo na sistoli, na nitaomba wauguzi wapime upya baada ya dakika 15 na kuandika muda kwa saa 24. Suala la Daktari wa Pwani limenigusa. Je, kuna uamuzi wowote ambao ni halali kuufunga moja kwa moja kwenye vipimo vya mwanzo, bila kusubiri alama yoyote ya kifo? Na vipi kuhusu watoto na wajawazito?

Mpasuaji wa Kanda ya Ziwa alijibu:

Daktari wa Pwani amesema kweli, na jibu la kitaalamu ni kwamba hatari ya asilimia 60 ni sifa ya kundi. Ndani ya kundi hilo 40 wanapona, na alama haikuambii huyu aliye mbele yako ni wa upande upi. Itumie kuongeza msaada, kama vile kuita mpasuaji, kuagiza damu au kuwahi gari la rufaa. Isitumike peke yake kuondoa msaada.

Uamuzi wa kufunga kwenye vipimo vya mwanzo upo, nao ni wa bei nafuu. Utafiti wa CRASH-2, uliotangazwa mwaka 2010 ukiwa na majeruhi zaidi ya 20,000 kutoka nchi 40, uliwaingiza watu wazima wenye sistoli chini ya 90 au mapigo zaidi ya 110, au ambao daktari aliona wako katika hatari ya kuvuja damu nyingi. Waliopewa asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza uvujaji wa damu, walifariki kwa asilimia 14.5, na waliopewa dawa isiyo na kitu kwa asilimia 16.0. Dozi ilikuwa gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Faida ilikuwa kwa walioipata ndani ya saa 3 tangu ajali, na uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ulionyesha kwamba baada ya saa 3 vifo vya kuvuja damu viliongezeka badala ya kupungua. Tazama kigezo hicho: mapigo zaidi ya 110 yalitosha. Kijana wako mwenye alama zote za RTS angestahili dawa hiyo dakika ile ile aliyofika.

Watoto na wajawazito watenge katika uchambuzi wako. Mtoto hulishikilia shinikizo lake kwa muda mrefu kisha likaporomoka ghafla, na mapigo na pumzi zake za kawaida hubadilika kwa umri, kwa hiyo mipaka ya watu wazima haimfai. Mjamzito wa miezi ya mwisho ana damu nyingi kuliko kawaida yake na mapigo yaliyo juu kidogo hata akiwa mzima, anaweza kupoteza damu nyingi kabla hujaona badiliko, na mtoto aliye tumboni huumia kabla ya namba za mama kubadilika. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, au msukume tumbo upande huo kama unahofia uti wa mgongo, kabla ya kuandika sistoli yake, kwa sababu akilala chali mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa na namba utakayoipata itakuwa ya mkao.